Kwato za Farasi wa Rangi ya Shaba

Sifa zimwendee Mungu, aliyeumba wanyama wa nchi siku ile ile aliyomuumba mtu, na akawaumba wao kwanza ili sisi tukifika tuwakute. Ninamshukuru kwa pumzi ya leo asubuhi, kwa magoti yangu ambayo bado yanakunja ingawa yanalia, na kwa kazi aliyonipa katika mji huu wa Lubumbashi, kazi ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo.

Mimi ni mtunza farasi. Baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga akaja kufanya kazi ya reli, na alitaka nami niingie reli. Lakini nilipofikia umri wa kuajiriwa, reli ilikuwa imechoka kuliko baba mwenyewe. Nikapata kazi kwenye uwanja wa farasi pembeni mwa mji, ambako watoto wa wenye uwezo hujifunza kupanda. Nilianza kwa kubeba samadi. Baadaye mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alinifundisha kukata kwato kwa koleo na kuzilainisha kwa tupa, nami nimefanya hivyo mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Jumamosi mchana nafundisha katekisimu parokiani. Jumapili, Misa ikiisha, natembelea wagonjwa pamoja na Wakristo wa mtaa wetu, ile jumuiya ndogo tunayoiita shirika.

Katika shirika letu hatuendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, hupika munkoyo Jumamosi: uji wa mahindi anaoutia mizizi ya porini, ukilala usiku kucha unakuwa kinywaji chepesi, kitamu, chenye uchachu kidogo. Anauchuja, anaujaza kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, nasi tunaenda nao nyumba kwa nyumba. Ndani ya kichujio hubaki machicha mazito. Zamani tuliyapa kuku.

Farasi ninayetaka kumsimulia ni jike, rangi yake ni ya shaba iliyosuguliwa. Aliletwa kwa lori kutoka upande wa Zambia, akanunuliwa na mama mmoja wa mjini kwa ajili ya binti yake. Binti alimpanda miaka mitatu, kisha akaenda kusoma ng'ambo. Farasi akabaki mikononi mwangu, na kila juma binti alipiga simu kumuuliza mama yake habari zake. Alikuwa farasi mpole, mlafi, mwenye shingo nene. Ile shingo nene nilikuwa naisifu. Sikujua kwamba ilikuwa alama ya ugonjwa.

Mwaka ule mvua za kwanza zilikuja mapema. Kiwanja cha malisho kilikuwa kimechomwa moto Septemba, kama tunavyochoma sote, na baada ya mvua mbili majani machanga yakatoka juu ya majivu, kijani cha kukuumiza macho. Niliwafungulia farasi wote. Siku ya nne nilimkuta yule wa rangi ya shaba amesimama vibaya. Miguu ya mbele ameinyoosha mbele, uzito wote ameutupa nyuma, kama mama mwenye ndoo kichwani anayeteremka mlima wenye utelezi. Alikuwa anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Nilipomvuta alitembea kana kwamba ardhi ilikuwa na makaa.

Hapo nilifanya kosa la kwanza. Kwetu mguu uliokaza hulegezwa kwa kutembezwa. Ndivyo mama yangu alivyotutendea sisi, na ndivyo nilivyomtendea farasi. Nilimzungusha uwanjani raundi baada ya raundi huku akitoka jasho, mpaka daktari wa mifugo alipofika na pikipiki yake. Ni kijana, umri wa mtoto wangu wa tatu, lakini siku ile alinipigia kelele kama mimi ndiye mtoto.

"Papa, wacha! Wacha kabisa! Unamutembeza juu ya kidonda!"

"Kidonda kiko wapi, docteur? Sioni damu."

"Iko mu ndani. Leta mukono."

Akashika vidole vyangu viwili, akaviweka nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, mahali ambapo mshipa unapita karibu na ngozi. Kwa farasi mzima unatafuta sana kabla ya kusikia kitu. Pale damu ilikuwa inagonga kama ngoma. Na ukuta wa ukwato ulikuwa moto.

Akanieleza polepole, akiwa ametulia sasa. Ukwato umeshikwa na mfupa kwa nyama nyembamba sana, kama kucha ilivyoshikwa na kidole chako. Farasi akila sukari nyingi kuliko mwili wake unavyoweza, ile nyama inavimba, na kwa kuwa imefungwa ndani ya ukuta mgumu haina pa kuvimbia. Inaanza kuachia. Ikiachia sana, mfupa unainama na kusukuma chini kuelekea nyayo. Wafaransa wanauita ugonjwa huo fourbure. Anayeshikwa mara moja atashikwa tena, na kila mara ni vibaya kuliko iliyotangulia.

"Sukari?" niliuliza. "Alikula majani tu."

"Majani mapya njo sukari, papa. Asitoke tena mu kiwanja. Mahindi, hapana. Pumba, hapana. Majani makavu tu, na uyaloweke mu maji saa moja mbele ya kumupatia, sukari itoke."

Basi nikaanza maisha ya kuloweka majani. Pipa moja asubuhi, pipa moja jioni. Unayazamisha, unayainua yakiwa mazito kama nguo za mtu mzima, unayatundika yadondoke, unamwaga maji mbali ili farasi wengine wasiyanywe. Tulimtandikia unga wa mbao unaofika magotini ili alale akitaka. Shemeji yangu wa Kambove alituletea kipande cha mpira mnene, wa ule mkanda unaobebea mawe mgodini, nikakata viatu viwili kwa kisu nikavifunga chini ya kwato zake. Mgongo wangu ulianza kulala kabla yangu. Bibi yangu alikuja siku moja kuniletea chakula, akasimama kuniangalia na majani yangu ndani ya maji.

"Muzee, unaosha majani?"

"Naosha."

"Miaka yote hii sijakuona unaosha sombe ya muhogo ku jikoni. Utayatwanga pia?"

Walinzi walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi pia nilicheka, ingawa mikono ilikuwa baridi.

Krismasi farasi alikuwa anasimama vizuri. Na hapa lazima niandike jambo nililolifanya bila kulifikiria. Alikuwa mgonjwa, na mimi Jumapili natembelea wagonjwa. Nikimaliza nyumba za shirika, napitia uwanjani kumwona. Ningeendaje na bidoni tupu kwa mgonjwa wangu wa mwisho? Nikaanza kumpelekea yale machicha ndani ya bakuli la plastiki. Alikuwa amenyimwa kila kitu, maskini, akitafuna majani yaliyooshwa yasiyo na ladha. Aliposikia hatua zangu Jumapili alinguruma kwa sauti ya chini tangu niko langoni. Aliyalamba machicha mpaka bakuli likang'aa, kisha akaweka pua yake begani mwangu. Sikumwambia daktari. Sikuwa nimeficha, sikuona tu kwamba ni neno la kusemwa. Daktari alikataza mahindi na pumba. Munkoyo akilini mwangu haukuwa mahindi. Ulikuwa kitu cha kumpa mgonjwa.

Januari alishikwa tena. Tukampa dawa ya maumivu, tukamwagia maji baridi miguuni, akainuka. Februari akashikwa tena. Daktari alikuja na mashine ya kupiga picha za mifupa, akanionyesha: mfupa umeanza kuinama. Kwenye ukuta wa kwato zake kulikuwa kumetokea pete, mistari iliyovimba, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja alama ya shambulio. Daktari aliniuliza tena anakula nini. Nikamwambia majani niliyoyaosha kwa mikono yangu, na sikuwa nadanganya kwa kadiri nilivyojijua.

Kisha ikaingia Kwaresima. Bibi yangu, kama kila mwaka, aliosha sufuria ya munkoyo akaifunika na kuiweka juu ya kabati mpaka Pasaka. Shirika letu lina desturi hiyo: katika siku arobaini tunawapelekea wagonjwa sabuni, kuni, chumvi, lakini vitamu tunaviacha. Mimi niliweka nia. Nilimwomba Mungu kila asubuhi, kabla ya kushika koleo, amponye mnyama huyu asiye na dhambi. Na akapona. Juma la pili mapigo ya mshipa yalipungua. Juma la nne alilala na kuinuka mwenyewe. Juma la sita alinifuata hadi kwenye pipa bila kamba. Nilisimama mbele ya shirika nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu anasikia hata kwa ajili ya farasi, na akina mama wakapiga vigelegele.

Pasaka ilikuwa ya furaha. Bibi yangu alipika munkoyo mwingi kuliko kawaida, na machicha yalikuwa mengi, nikajaza mabakuli mawili.

Jumanne hakuweza kusimama. Alikuwa amelala ubavu, amelowa jasho, akiguna kila apumuapo. Jumatano mama mwenye farasi alikuja, akapiga magoti kwenye unga wa mbao na nguo zake nzuri, akamshika masikio. Daktari alisimama nyuma yake.

"Docteur, niambie kweli."

"Mama, inarudia kila mara na mi siwezi kujua juu ya nini. Namna hii ni mateso tu. Ijumaa nikuye na aiguille, sindano ya mwisho, alale muzuri."

Mama alipapasa shingo ya farasi. Kisha akasema, "Sawa. Ijumaa," akatoka nje kumpigia binti yake simu, na tulisikia sauti ya kilio ikitoka ndani ya ile simu mpaka akaizima.

Alipoondoka, daktari alikaa juu ya fungu la majani makavu, akafungua daftari lake. Nilikaa karibu naye. Mlinzi wa lango alikuwa ameegemea mlango wa banda akitafuna muwa. Mlinzi huyu hukaa langoni kila Jumapili, na ni mtu wa mizaha, hawezi kuona mtu mzito bila kumtania.

"Papa," daktari alisema, "naona wiki sita alikuwa muzuri kabisa. Wiki sita! Mbele yake, mubaya. Kisha yake, mubaya. Mu zile wiki sita mulibadirisha nini?"

"Sala, docteur. Tulisali."

"Sala, ndiyo. Na ingine?"

"Hakuna ingine."

Mlinzi akatema makapi ya muwa. "Docteur, umuulize juu ya komuniyo."

"Komuniyo gani?"

"Papa katekista anamupatiaka farasi komuniyo kila dimanche, kisha ya Misa. Mu ile kibakuli ya bleu. Mu Kwaresima alimunyima. Labda farasi alikuwa na zambi!"

Alicheka peke yake. Mimi nilitaka kumkemea kwa kutania mambo matakatifu, lakini vidole vyangu vilikuwa vimeanza kujikunja kimoja kimoja. Nilikuwa nimeanza kuhesabu Jumapili.

"Papa," daktari alisema polepole, "mu kibakuli munakuwaka nini?"

"Machicha tu. Ya munkoyo."

"Munkoyo inatoka na nini?"

Anajua. Mama yake pia anapika. Lakini alingoja mpaka niseme mwenyewe.

"Mahindi."

"Na sukari?"

"Bibi yangu anatiaka kidogo. Ya Pasaka, mingi."

Daktari alifunga daftari, akaangalia chini. Hakunipigia kelele kama siku ya kwanza. Afadhali angenipigia. Mlinzi aliacha kutafuna, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Muzee, unisamehe, nilikuwa nacheza tu," akarudi langoni.

Nimefundisha watu kuungama kwa miaka mingi. Nimewaambia watoto waseme dhambi waziwazi, bila kuzungusha, bila kuweka "lakini" mwishoni. Siku ile daktari aliniambia kwamba nikitaka atamweleza mama yeye, kwa lugha ya kidaktari, na jina langu lisitajwe. Nilipanda barabara kwa miguu kuelekea nyumbani nikiwa nimekubali moyoni. Malori ya madini yalipita yakanifunika vumbi. Nilifikiri: nikinyamaza, Ijumaa anakufa kwa ugonjwa usiojulikana, nami nabaki mzee anayeheshimiwa. Daktari akisema kwa lugha yake, mama huenda asisadiki, aone ni maneno ya kuvuta siku. Ni mimi peke yangu ningeweza kumfanya aamini. Nilimwambia bibi yangu tulipokuwa tunakula. Aliacha tonge lake la bukari, ugali wetu, kwenye sahani.

"Basi kesho asubuhi uende," alisema. "Uvae shati ya Misa."

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa yule mama mjini. Alinikaribisha kwenye baraza, akaniletea kiti, akidhani nimekuja kumpa pole.

"Mama, ni mi njo nilimuumiza farasi."

"Papa, unasema nini?"

Nikasema yote. Shirika, munkoyo, bakuli, Jumapili, Kwaresima. Sikuweka "lakini".

Mama akasimama. "Toka Noeli, papa. Docteur anakuuliza, unasema majani tu. Mutoto yangu analia ku simu. Mi nilimuambia, usiogope, ule papa anamupenda. Na ulikuwa unamupenda namna hii?"

"Sikujua, mama."

"Ukijua ao usijue, farasi anasikia maumivu ile ile."

Neno hilo nalibeba mpaka leo.

Alizunguka barazani, akashika nguzo. Halafu akauliza, akiwa amenipa mgongo: "Kama hakuna munkoyo, anaweza kupona?"

"Kupona kabisa, hapana. Mufupa imeshainama. Ila anaweza kuishi bila kulia. Ukwato mupya iteremuke kutoka juu mupaka chini. Ni karibu mwaka."

"Mwaka sina. Namupatia mupaka mwisho ya kiangazi. Akilala chini tena mara moja, moja tu, hakuna maneno." Akanyoosha mkono. "Na funguo ya depo unipe."

Nilimpa ufunguo wa ghala la chakula, niliokuwa nao tangu kabla binti yake hajazaliwa. Siku hiyo hiyo aliukabidhi kwa mlinzi. Tangu hapo, nikitaka majani makavu, naomba nifunguliwe.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kuisimulia kwa sababu ilifanana. Kuloweka, kutundika, kumwaga. Kila majuma manne daktari alileta picha zake, nami nilikata kwato kwa kuzifuata: kurudisha nyuma kwa tupa ncha ya mbele ya ukwato, kidogo kidogo, kushusha kisigino, ili kila hatua isiufungue tena ule ukuta ulioachia. Ukikata sana unamuumiza, ukikata kidogo hukumsaidia. Nilipiga magoti chini yake na magoti yangu yakanikumbusha umri wangu. Zile pete zilikuwa zinateremka mbele ya macho yangu, upana wa ukucha kwa mwezi. Mbili za karibu karibu zilikuwa Januari na Februari. Chini ya pete ya Pasaka kulikuwa na nafasi nyororo, ya Kwaresima, nayo sikuweza kuitazama bila kuinamisha kichwa. Bado nasadiki kwamba Mungu alisikia sala yangu. Alikuwa amenijibu kwa majuma sita mfululizo, nami nilikuwa nashangilia tu, sikusikiliza. Nilirudi mbele ya shirika nikausahihisha ushuhuda wangu. Mama mmoja mzee aliniuliza kama basi watu wenye ugonjwa wa sukari nao tuwaache na munkoyo. Tulijadili sana siku hiyo, na tukabadilisha mambo mengine.

Jumapili nilikwenda kumwona bila kitu. Alinguruma langoni kama kawaida, akanusa mikono yangu, akanusa mifuko, akanigeuzia mgongo. Ilichukua muda mrefu kabla hajaacha kunitafutia bakuli.

Mara moja, Julai, mapigo yalipanda. Nililala kwenye banda, juu ya magunia, siku mbili, nikimwagia maji miguuni na kumwomba asilale chini. Hakulala. Tuligundua kwamba wageni walikuja kupanda farasi wakawapa wote mikate. Mlinzi aliandika kwa mkaa ukutani: USIPATIE FARASI KITU, ATA KAMA UNAMUPENDA. Sikumuuliza alimlenga nani.

Mwisho wa Septemba mama na daktari walikuja pamoja. Daktari aliomba nimtembeze juu ya ardhi ngumu, si kwenye mchanga, na nimgeuze kona, maana farasi mwenye maumivu ya kwato anaweza kukudanganya akienda moja kwa moja, lakini akigeuka hawezi. Niliondoa viatu vya mpira. Nilishika kamba ikiwa legelege. Tulikwenda mpaka ukutani, tukageuka kulia. Aliweka kisigino kwanza, kisha ukwato wote. Tukageuka kushoto. Hatua moja ilikuwa fupi kidogo, nami niliisikia kwenye kamba kabla hawajaiona. Nyingine zilikuwa ndefu.

Mama aliinua simu yake binti aone, akasema ndani yake, "Angalia mwenyewe." Kisha akamwambia daktari, "Ile aiguille yako uiache ku nyumba."

Hatapandwa tena. Mvua zimerudi, majani yameota, naye anayatazama akiwa ndani ya ua wa mchanga huku wenzake wakila. Kila asubuhi naweka vidole viwili nyuma ya kifundo chake, nangoja. Leo mshipa ulikuwa mdogo, niliutafuta sana. Nimechoka, sitasema vinginevyo; pipa ni zito kuliko mwaka jana. Kesho nitaliinua tena, Mungu akipenda, na mlinzi atanishikia upande mmoja.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde uendako na urudiko. Kama nyumbani mwako yuko mgonjwa ambaye hatapona wala hafi, akujalie mikono isiyochoka kabla ya siku kuisha, na masikio ya kusikia anachokuambia. Amani yake ikae na watu wako na mifugo yako. Amina.